Ripoti moja, rekodi mbili: kisa cha jina sambamba lililopotea kwenye katalogi

Mazingira

Kisa hiki, cha ripoti ambayo jina lake la lugha ya pili (jina sambamba) halikuandikwa kwenye katalogi, kilitokea kwenye maktaba ya chuo kimoja cha mkoani, Tanzania. Jina la chuo na la wahusika nimeyaondoa. Jina la ripoti nimelibadilisha pia, ila umbo lake nimeliacha kama lilivyo, maana tatizo lote lilizaliwa na umbo hilo.

Maktaba hiyo ina hazina nzuri ya machapisho ya serikali: ripoti za tume, sera, miongozo, taarifa za mwaka za wizara. Mengi yana majina mawili, la Kiswahili na la Kiingereza, na mengine hufika manne ukihesabu jina la jalada, la mgongoni na lile ambalo watu wamelizoea midomoni. Katalogi ya kadi ilishahamishiwa kwenye Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba. Wakatalogi walikuwa wawili. Mkubwa alilelewa na AACR2, kanuni za kuandika katalogi zilizotoka mwaka 1978 na kurekebishwa mara kadhaa baadaye. Mdogo alitoka masomoni akiwa na RDA, kanuni mpya za kazi hiyohiyo zilizotolewa 2010 na ambazo Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, ilianza kuzitumia rasmi mwishoni mwa Machi 2013. Wote wawili ni watu makini, na hilo nalisema mapema kwa sababu msomaji wa kisa kama hiki huwa na haraka ya kutafuta mzembe. Mimi nilialikwa kupitia rekodi za machapisho ya serikali pamoja nao.

Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tangu hapo waliokuja kaunta kuulizia ripoti na sheria kwa majina ya Kiswahili waliongezeka: wanafunzi wa sheria, makarani wa mahakama, wajumbe wa mabaraza ya ardhi. Katalogi ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watu wanaouliza kwa Kiingereza.

Kitabu chenyewe

Ni ripoti ya uchunguzi kuhusu ardhi, iliyochapwa kwa mtindo wa pande mbili. Ukiishika upande mmoja unakutana na jalada la Kiswahili, ukurasa wa jina wa Kiswahili na maandishi ya Kiswahili hadi katikati. Ukiigeuza kichwa chini miguu juu, unaanza upya kwa Kiingereza. Kitabu cha namna hiyo hakina mbele wala nyuma.

Ukurasa wa jina wa Kiswahili unasema *Migogoro ya Ardhi Vijijini: Ripoti ya Uchunguzi*. Wa Kiingereza unasema *The Land Question in the Villages: Report of an Inquiry*. Hayo si majina ya neno kwa neno, na anayelijua moja hawezi kulibahatisha la pili. Jalada la upande wa Kiswahili limeandikwa *Mgogoro wa Ardhi Vijijini*, kwa umoja. Mgongoni pamebaki maneno matatu tu, RIPOTI YA ARDHI. Utangulizi unaeleza kuwa uchunguzi uliandikwa kwa Kiswahili, kisha ukatafsiriwa kwa Kiingereza. Sentensi hiyo ya utangulizi ilikuja kutusaidia sana.

Kilichotokea

Nakala mbili ziliingia maktabani kwa nyakati tofauti. Ya kwanza iligongwa muhuri na kuandikwa namba ya usajili upande wa Kiingereza. Mkatalogi mkubwa akakifungua kitabu palipo na muhuri, kama anavyofanya kila mkatalogi duniani, akaandika kwa MARC, mfumo wa fildi zenye namba unaosomwa na kompyuta za maktaba (245 ni fildi ya jina kuu, tarakimu mbili zinazofuata ni viashiria, na $a na $b hutenganisha sehemu za jina):

245 14 $a The land question in the villages : $b report of an inquiry.

Jina la Kiswahili halikuingia popote. Mwenyewe alilijua na angependa kuliweka, lakini kiolezo cha kuingizia data kilichotengenezwa wakati wa kuhama kutoka kwenye kadi kilikuwa kimeificha fildi 246, ambayo ndiyo makao ya majina mengine ya kitabu. Iliondolewa ili kazi iende haraka. Maktaba hiyo huweka herufi tatu za mwanzo wa jina kwenye alama ya rafuni, baada ya namba ya mada, basi kitabu kikapata 333.3 LAN.

Nakala ya pili ilikuja kama zawadi, ikagongwa muhuri upande wa Kiswahili. Mkatalogi mdogo alifuata utaratibu: alitafuta kwanza kama kitabu kipo. Akatafuta kwa jina la Kiswahili, akakosa, akafungua rekodi mpya. Ili asianze kutoka sifuri alinakili rekodi ya ripoti nyingine ya Kiingereza na kubadilisha maneno:

245 14 $a Migogoro ya ardhi vijijini : $b ripoti ya uchunguzi.

Itazame ile 4. Kiashiria cha pili cha fildi 245 huiambia kompyuta iruke herufi ngapi inapopanga majina kwa alfabeti. Kwa jina linaloanza na *The* jibu ni 4, herufi tatu na nafasi moja. Majina ya Kiswahili hayana kitu cha kurukwa, kwa hiyo ni 0. Hapa kompyuta iliruka *Migo*, ikakipanga kitabu kwenye G, chini ya *goro ya ardhi vijijini*. Kwenye orodha ya machapisho ya serikali iliyochapwa kwa ajili ya wasomaji, ndiko kilikokaa. Rafuni kikaenda 333.3 MIG, mbali na pacha wake.

Kisha akaja mzee mmoja aliyewahi kuwa mjumbe wa baraza la ardhi. Binti wa kaunta alinisimulia mazungumzo yao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Naulizia kitabu, *Mgogoro wa Ardhi Vijijini*. Nilikuwa nacho, kimeliwa na mchwa."

Binti akaandika jina lilelile, neno kwa neno. Hakuna. Akaangalia kwenye orodha, kwenye M. Hakuna. "Samahani mzee wangu, hicho hatuna." Akafanya jambo la heshima: akaandika ombi la kununua. Ombi lilipofika mezani, mhudumu wa rafu akasikia jina likisomwa, akasema kitabu hicho amekirudisha rafuni kwa mkono wake, tena nakala zake zipo sehemu mbili tofauti. Rekodi zote mbili zilipatikana siku hiyo.

Uamuzi wa kwanza: jina lipi liwe kuu

Mkubwa alitetea Kiingereza. Hoja yake ilikuwa na uzito: maktaba za nje zenye ripoti hiyo huenda zimeianza kwa Kiingereza, na maktaba yake hunakili rekodi za wengine kwa Z39.50, njia ya kompyuta za maktaba kutafutiana rekodi, kwa hiyo kutofautiana kungezaa rekodi maradufu tena. Mdogo alitetea Kiswahili kwa sababu ndicho wasomaji wanachouliza.

Tulifungua RDA badala ya kuendelea kubishana. Kitabu kikiwa na kurasa za jina zaidi ya moja kwa lugha tofauti, kanuni hutoa mpangilio wa kuchagua. Maudhui yaleyale yakiwa kwa lugha zaidi ya moja, na lugha ya asili ikajulikana, huchukuliwa ukurasa wa lugha ya asili. Utangulizi ulishatuambia lugha ya asili ni Kiswahili. Na hata kama utangulizi ungenyamaza, kwa vitabu vilivyochapwa kwa kugeuziana kichwa, kanuni inairuhusu maktaba kuchukua lugha inayoipendelea yenyewe. Kuchukua "ukurasa unaotangulia" hakuna maana kwa kitabu cha pande mbili, kwa sababu unaotangulia ni ule uliouona wewe. Kwa kweli muhuri wa mapokezi ndio uliokuwa umechagua jina kuu, mara mbili, kwa majibu mawili.

Tukakubaliana Kiswahili. Hofu ya mkubwa tukaijibu kwa kuhakikisha jina la Kiingereza linatafutika sawasawa, ili anayenakili rekodi akitafuta kwa jina lolote aione ya kwetu.

Uamuzi wa pili: kila jina na mlango wake

Rekodi iliyobaki ilikuwa hivi (041 na 546 ni fildi za lugha, 500 ni ya maelezo, na # ni nafasi iliyoachwa wazi):

041 1# $a swa $a eng $h swa
245 10 $a Migogoro ya ardhi vijijini : $b ripoti ya uchunguzi = The land question in the villages : report of an inquiry.
246 31 $a Land question in the villages
246 14 $a Mgogoro wa ardhi vijijini
246 18 $a Ripoti ya ardhi
500 ## $a Maandishi ya Kiingereza yamechapwa upande wa pili, kichwa chini.
546 ## $a Kwa Kiswahili na Kiingereza.

Alama ya sawasawa, yenye nafasi kabla na baada yake, ndiyo inayotambulisha jina sambamba: jina lilelile la kazi kwa lugha nyingine, kama kitabu chenyewe kinavyolitoa. Hapa ndipo wakatalogi wawili waligongana kweli. Mkubwa alisema jina la Kiingereza halistahili alama hiyo, kwa kuwa halipo kwenye ukurasa uleule na jina kuu. Liingie kama jina la ukurasa wa ziada, yaani 246 15, na maelezo. Kwa AACR2 alikuwa sahihi, maana kanuni hizo zinataka jina sambamba litoke kwenye chanzo kikuu. RDA imelegeza: linaweza kutoka popote ndani ya kitabu. Tuliamua kufuata RDA kwa rekodi zote mpya, na rekodi za zamani zenye 246 15 zisiguswe. Kwa mtu wa kaunta namba hizo mbili hufikisha mahali pamoja, na sikuona sababu ya kuwachosha watu kwa kuzigeuza.

Swali la mdogo lilikuwa zuri: jina la Kiingereza limeshaandikwa kwenye 245, kwa nini lirudiwe kwenye 246? Kwa sababu kwenye 245 limo katikati ya mstari. Anayetafuta kwa neno mojamoja atalipata. Anayetafuta jina kuanzia mwanzo wake, au anayepitia orodha kwa alfabeti, hatalipata, kwa kuwa mstari unaanza na *Migogoro*. Fildi 246 inalipa mwanzo wake. *The* imeachwa makusudi, kwa kuwa 246 haina kiashiria cha kuruka herufi. Ukiiandika, jina litapangwa kwenye T pamoja na umati wa *The* wengine.

Kiashiria cha kwanza nacho kina kazi. 3 hufanya jina litafutike bila kuonyesha maelezo, kwa kuwa msomaji analiona tayari kwenye 245. 1 hulitafutisha na kuonyesha maelezo kwamba hili ni la jalada, hili ni la mgongoni. Kwa yule mzee, hiyo 246 14 ndiyo ingemaliza habari yote.

Uamuzi wa tatu: majina ya midomoni

Tulipoanza kufungua rekodi nyingine, mambo yakawa mapana. Waraka wa mwaka 2005 unaoitwa kwa Kiingereza National Strategy for Growth and Reduction of Poverty haujawahi kuulizwa kaunta kwa jina hilo. Watu husema MKUKUTA. Ripoti ya tume iliyochunguza mfumo wa chama kimoja au vyama vingi, kazi ya 1991 na kuendelea, kila mtu huiita Ripoti ya Nyalali. Majina ya namna hii hayapo lazima kwenye ukurasa wa jina, lakini ndiyo yanayotembea. Tukayaingiza kwa 246 1# na maneno ya utangulizi kwenye $i: "Inajulikana kama:".

Ugumu ulikuja kwa Warioba. Kuna ripoti ya tume ya kero ya rushwa ya 1996, na kuna rasimu za katiba za 2013 zilizotoka kwenye Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Zote watu huzihusisha na jina la mwenyekiti yuleyule. Mkubwa alitaka jina hilo liachwe kwa kuwa linachanganya. Nilipinga. Jina mbadala halina wajibu wa kuelekeza kwenye kitabu kimoja tu. Msomaji akiona vitatu kwenye skrini, na miaka ikiwa imeandikwa, atachagua chake.

Uamuzi wa nne: tafsiri za mkatalogi

Hapa tulikuta kazi kubwa iliyofanywa kwa moyo mwema na mahali pasipofaa. Mdogo, kwa kuona wasomaji wa Kiswahili wanakosa vitabu, alikuwa ameanza kutafsiri majina ya vitabu vya Kiingereza na kuyaweka kwenye 245 baada ya alama ya sawasawa. Rekodi hizo zilikuwa zinasema uongo: zinadai kitabu kimebeba jina la Kiswahili ambalo hakijalibeba. Mwanafunzi atalinukuu kwenye tasnifu, na kesho kutwa mtu atatafuta toleo la Kiswahili ambalo halikuwahi kuchapwa.

MARC inayo fildi ya tafsiri ya mkatalogi, 242, ikiwa na $y ya kutaja lugha. Mkubwa alitaka tafsiri zote zifutwe. Tuliziondoa zote kwenye 245, tukahamishia 242 zile chache za nyaraka ambazo wasomaji huziuliza mara kwa mara. Kwa vitabu vilivyobaki tuliona kiu ya msomaji ni mada, wala si jina. Anayetaka vitabu vya uvuvi hatafuti jina alilolibuni mkatalogi, anatafuta neno *uvuvi*. Basi tukaweka maneno ya mada ya Kiswahili kwenye 653.

Kosa la jamaa ya hilo lilikuwa kwa vitabu vilivyotafsiriwa. *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Nyerere ya 1969, ilikuwa imeandikwa = The Merchant of Venice, kana kwamba ni kitabu cha lugha mbili. Kitabu hicho ni cha Kiswahili. Jina la asili mahali pake ni 240, Merchant of Venice, pamoja na $l ya lugha, ili kikusanyike na matoleo mengine ya tamthilia hiyo chini ya Shakespeare.

Na palipo na kosa la chapa au tahajia nyingine, mathalani *Muongozo* kwenye ukurasa wa jina, 245 ilibaki na *Muongozo* kama ilivyochapwa, na *Mwongozo* ikaingia 246.

Matokeo

Rekodi mbili ziliunganishwa. Koha ina njia yake ya kufanya hivyo, na nakala zilizokuwa chini ya rekodi inayofutwa huhamia kwenye inayobaki. Nakala zote mbili zilibandikwa 333.3 MIG. Ombi la kununua likafutwa, mzee akapigiwa simu, akaja kusomea palepale maktabani.

Fildi 246 ilirudishwa kwenye kiolezo. Orodha ya alfabeti ilipopitiwa, *Migogoro* haikuwa peke yake: palikuwa na majina mengine ya Kiswahili yaliyokatwa vichwa na ile 4, kila moja likiwa limenakiliwa kutoka rekodi ya Kiingereza.

Jaribio la kutengeneza 246 kwa mkupuo lilishindikana. Kijana wa kompyuta aliandika amri ya kuchukua kila kilichofuata alama ya sawasawa na kukitia 246 31. Ilibeba vijina vya nyongeza, ikabeba *The*, ikabeba zile tafsiri za kubuni kabla hazijaondolewa, na kwenye vitabu vya lugha tatu ikaunganisha majina mawili kuwa moja. Kwa bahati njema ilijaribiwa kwanza kwenye nakala ya data. Kazi ikarudi kufanywa kwa macho, kitabu mkononi, na haijaisha.

Uchambuzi

Ukitafuta chanzo cha kisa hiki utakifikia kiolezo, kabla hujafika kwa mtu yeyote. Fildi ikifichwa kwenye kiolezo, maarifa ya mkatalogi hayana pa kukaa. Mkubwa alilijua jina la Kiswahili siku ya kwanza. Mdogo alitafuta kabla ya kuandika, na utafutaji wake ulishindwa kwa sababu maarifa ya mwenzake hayakuwa yameandikwa. Kwa maktaba yenye machapisho ya lugha mbili ningeanza ukaguzi hapo, kabla ya kumpeleka mtu yeyote semina.

Kuna jambo ambalo miongozo ya kigeni hailigusi kwa kuwa lugha zao hazina shida hiyo. Kwa Kiingereza umoja na wingi hutofautiana mwishoni mwa neno, na anayepitia orodha kwa alfabeti atavikuta *dispute* na *disputes* vimekaa jirani. Kiswahili hubadilika mwanzoni. *Mgogoro* na *Migogoro*, *Mwongozo* na *Miongozo*, *Kijiji* na *Vijiji*: herufi zilezile za kwanza ambazo alfabeti inazitegemea ndizo zinazoondoka. Kukata mwisho wa neno wakati wa kutafuta, mbinu tunayowafundisha wanafunzi wote, hakusaidii chochote hapo. Kwa hiyo tofauti ambayo kwa kitabu cha Kiingereza ungeweza kuipuuza, jalada kusema umoja na ukurasa wa jina kusema wingi, kwa kitabu cha Kiswahili inastahili 246 kila mara. Hili ndilo ningependa lifundishwe vyuoni.

Kuchagua Kiswahili kuwa jina kuu kulifanya kazi, lakini peke yake kusingetosha. Tungeacha Kiingereza nje tungekuwa tumeihamisha shida kutoka kwa mzee kwenda kwa mtafiti wa nje. Mabishano kuhusu jina kuu yalichukua muda mwingi kuliko yalivyostahili, na yalipungua nguvu mara tu watu walipoona kila jina limepata mlango.

Alama ya rafuni iliyojengwa kwa herufi za jina ilizidisha madhara. Jina lilipoandikwa tofauti, vitabu navyo vikatengana, na hata mtu wa kupita rafu kwa macho asingeviona pamoja. Hilo halikubadilishwa kwa maktaba nzima, gharama ya kubandika upya ilikuwa kubwa. Kilichoongezwa ni agizo kwa mapokezi: kitabu cha pande mbili kigongwe muhuri pande zote mbili.

Yaliyobaki

Taarifa za mwaka bado hazijapitiwa. Nyingi zimebadilisha jina la Kiingereza kila wizara ilipopangwa upya, huku jina la Kiswahili likibaki vilevile, na kuna mtu aliyefungua rekodi mpya kila mara. Badiliko la jina sambamba peke yake halidai rekodi mpya. Jina jipya huingia 246 31 kwenye rekodi ileile, na $f ikitaja miaka lilipotumika. Rekodi za taarifa hizo zitaunganishwa kwa utaratibu huo, wizara moja baada ya nyingine, wakianza na zile za ardhi.